Binti alitaka kucheza pool, mama akataka kumjua mwalimu

JUMAPILI moja jioni, mama mmoja mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alikuwa amekaa barazani akihesabu mauzo ya wiki ya genge lake, mara simu ikaita. Alikuwa binti yake wa kwanza, anayesoma mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Morogoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Wakaongea habari za chakula, ada na mvua za Uluguru. Kisha binti akataja kilichomfanya apige. Chuoni wameanzisha timu ya pool. Wako wanane, wavulana watano na wasichana watatu, na yeye amechaguliwa kuwa katibu.

Mama akaweka noti chini. "Pool hii ya baa?"

"Mama, ni mchezo kama michezo mingine. Meza yenyewe ipo kantini ya chuo."

Mama akasema salio lake linaisha, ingawa aliyepiga alikuwa binti. Akakata simu.

Usiku ule hakupata usingizi. Mumewe ni dereva wa lori, na alipompigia akiwa njiani kwenda Tunduma, jibu lilikuwa fupi: "Mwambie acheze netiboli." Lakini mama alijua kwamba kinachomsumbua si mchezo wenyewe. Kilichomsumbua kilikuwa na jina, na kilizaliwa tumbo moja na yeye.

Cherehani iliyouzwa

Mama huyu alikulia Kihonda, Morogoro. Mdogo wake wa kiume alianza kucheza pool akiwa na miaka 14, na watu wa mtaa wanakumbuka kwamba alikuwa na mkono wa ajabu. Mwanzoni walishindania soda. Baadaye wakaweka nauli, kisha ada. Alipofika kidato cha tatu akaacha shule, kwa sababu meza ilikuwa inamlipa kuliko ambavyo mwalimu yeyote angeweza kumwahidi.

Mwaka aliofariki mama yao, kabla hata arobaini haijafika, cherehani ya marehemu ilitoweka ndani. Ilikuwa Singer ya kukanyaga kwa miguu, na ilikuwa imesomesha watoto wanne. Mdogo mtu alikuwa ameiuza kulipa deni la usiku mmoja.

Tangu hapo dada na mdogo wake walikuwa wakisalimiana misibani tu.

Kwa wazazi wengi hapa nchini, meza ya pool imewekwa fungu moja na chupa ya bia na vijana wasio na kazi. Mwaka 2016 baadhi ya viongozi wa mikoa walipiga marufuku kuicheza saa za kazi. Hata mashindano ya pool ya vyuo vya elimu ya juu yaliyowahi kufanyika nchini, ambayo vijana wetu waliyapenda, yalidhaminiwa na kampuni ya bia. Kwa hiyo mzazi akisikia neno hilo, hawezi kulaumiwa akishtuka.

Binti naye hakukata tamaa. Wiki iliyofuata alipiga tena, safari hii na hoja. "Mama, unamkumbuka Coriolis? Yule tuliyemsoma kwenye Jiografia, habari za upepo kupinda? Mwaka 1835 aliandika kitabu kizima cha hesabu za mipira ya mezani. Huu mchezo ni fizikia tupu."

"Huyo Coriolis alikuwa na mjomba?" mama akauliza.

Binti akanyamaza. Habari za cherehani anazijua tangu utotoni.

Masharti manne ya chuo

Kilichomlegeza mama kidogo ni barua. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilikuwa imeikubali timu kwa masharti manne, na binti akaipiga picha na kuituma. Kwanza, mazoezi ni mchana tu. Pili, ni kantini ya chuo tu, si baa. Tatu, yeyote atakayeweka hela mezani anaondolewa siku hiyohiyo. Nne, timu iwe na mwalimu mtu mzima, anayejulikana, mwenye barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake.

Masharti matatu ya mwanzo yalikuwa rahisi. La nne liliwachukua miezi miwili.

Mchezo huu nchini kwetu umejaa wachezaji, lakini walimu ni wa kutafuta kwa tochi. Karibu kila anayeucheza amejifunza kwa kuangalia na kwa kufungwa. Anajua kufanya, lakini ukimuuliza amefanyaje, anakuonyesha tena kwa haraka zaidi.

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa mmoja wao wenyewe, mwanafunzi aliyekesha akitazama video kwenye simu. Alijua majina yote ya mapigo. Lakini mwenzake akikosa, hakuweza kuona kama tatizo ni jicho, kiwiko au miguu. Kila aliyekosa aliambiwa jambo lilelile: "Tulia." Baada ya wiki moja akajiuzulu mwenyewe, wakamshukuru.

Wa pili alikuwa bingwa wa mjini, kijana anayejulikana kwenye meza zote za Msamvu. Alitaka shilingi 20,000 kwa siku, nao wakachangishana. Siku ya kwanza alifunga mipira kwa mkono mmoja, akafunga mwingine akiwa ameipa meza mgongo. Kantini nzima ilipiga makofi.

Baada ya wiki mbili walijikuta wanajua mbwembwe tatu na hawajui kupiga mpira ulionyooka. Wavulana walipomuuliza kwa nini wanakosa, alisema hawana kipaji. Wasichana aliwaambia wao wasukume tu, hakuna atakayewadai. Siku moja alicheka akisema pool bila hela ni kama ugali bila mboga. Kisha akaanza kumpigia simu binti saa tano za usiku, kuuliza kama ameshalala.

Binti hakumwambia mama wakati ule. Alimweleza mshauri wa wanafunzi, na yule bingwa hakuonekana tena kantini. Mama alikuja kuyasikia baadaye, akashukuru jambo moja, kwamba lile sharti la nne liliandikwa kabla mwalimu hajapatikana.

"Mimi ni mchezaji, si mwalimu"

Siku moja timu ikiwa karibu kuvunjika, binti akafanya jambo ambalo asingethubutu kumwambia mama yake. Alipanda daladala hadi Kihonda, akamtafuta mjomba wake.

Alimkuta kijiweni, amekaa juu ya bodaboda akisubiri abiria. Siku hizi ndiyo kazi yake. Alipoelezwa shida, alikaa kimya kwa muda mrefu.

"Mwanangu, umenipa heshima," akasema. "Lakini mimi ni mchezaji, si mwalimu. Na kuna jambo jingine. Nikisimama kwenye meza saa moja, saa ya pili mkono wangu unaanza kutafuta mtu wa kuweka naye hela. Miaka sita sijagusa fimbo. Usinirudishe."

Binti akaomba radhi, akataka kuondoka.

"Ngoja," mjomba akasema. "Mtu ninaye. Ila kabla sijakupeleka, nipe namba ya mama yako."

Saa mbili usiku simu ya mama ikaita gengeni. Namba ilikuwa ngeni.

"Shikamoo dada."

Mama aliitambua sauti. Alimaliza kumrudishia mteja chenji, akafunga mkoba, ndipo akajibu. "Marahaba."

Mdogo wake hakuzunguka. Alisema binti amekuja kwake kutafuta mwalimu, na kwamba yeye amekataa. Lakini yupo mzee mmoja, fundi wa meza za pool, ambaye ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe zamani.

"Alikufundisha wewe?" mama akauliza. "Na hayo ndiyo matunda yake?"

"Alinifukuza, dada. Siku ile ile aliponiona naweka hela. Kwa miaka mingi nilimchukia. Sasa sikuombi uniamini mimi. Panda treni, uje umwone kwa macho yako."

Fundi mwenye pima maji

Mama alisafiri Alhamisi asubuhi kwa treni ya SGR. Ni safari isiyofika saa mbili, na zamani kwa basi wangekuwa ndiyo kwanza wanaikaribia Chalinze. Saa tisa alasiri alikuwa amekaa pembeni ya kantini ya chuo, chai mkononi, akitazama.

Fundi ni mzee wa makamo ya babu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ni kubadilisha vitambaa vya meza, kuweka mpira mpya kwenye kingo na kusawazisha mawe yaliyo chini ya kitambaa. Kabla ya kumsalimia mtu yeyote alitoa pima maji mfukoni, akailaza juu ya meza sehemu tatu, akapachika kipande cha ubao chini ya mguu mmoja.

"Meza iliyoinama inakudanganya," akawaambia vijana. "Utajilaumu bure, au utajisifu bure."

Jambo la pili alilofanya lilimshangaza mama. Alitoa matambara kwenye mfuko wa rambo, akaziba matundu yote sita. Meza za sarafu zina ujanja wake: mpira wa rangi ukiingia tunduni unafungiwa ndani hadi mtu alipie mchezo mwingine, mpira mweupe peke yake ndio unaorudi. Timu ilikuwa imemaliza nusu ya michango yake kwa kulisha sarafu. Matambara yale yaliokoa fedha, na pia yaliondoa tamaa ya kufunga.

"Leo hakuna kufunga," fundi akasema. "Leo tunajifunza kupiga."

Kila mmoja aliweka mpira mweupe upande mmoja wa meza, akaupiga unyooke hadi ukingo wa mbali, na ulitakiwa kurudi kugusa ncha ya fimbo yake. Ukirudi kushoto au kulia, maana yake hukuugusa katikati. Hakuna wa kumsingizia. Walifanya hivyo mara ishirini ishirini, na kila mmoja aliandika kwenye daftari ni mara ngapi ulirudi sawa.

Binti alipata nne. Fimbo ilikuwa ikimtetemeka.

Fundi hakumshika mkono. Alisimama upande wa pili wa meza, akasema jambo moja tu: "Ishike kama umeshika kifaranga. Ukikaza atakufa, ukiachia atakimbia." Kisha akahamia kwa mwingine. Mzunguko wa pili, binti alipata tisa.

Baadaye aliwaonyesha namna ya kulenga. Aliweka mpira mwekundu karibu na kona, halafu akaubandika mpira mwingine nyuma yake, vyote vikiwa kwenye mstari mmoja na tundu. "Mnamwona huyu wa nyuma? Hapo ndipo mpira mweupe unapotakiwa kufika." Akauondoa ule wa nyuma. "Sasa hayupo. Mpeleke mweupe akakae pale alipokuwa." Vijana wakacheka, lakini walipojaribu, mipira ikaanza kwenda ilikotakiwa.

Katikati ya zoezi, shati la kijana mmoja liligusa mpira, ukasogea kidogo. Wenzake hawakuona. Fundi aliona, na mama alimwona fundi akiona. Mzee hakusema kitu. Alisubiri. Kijana aliinama kupiga, akasita, akanyanyuka. "Mwalimu, nimegusa."

"Vizuri," fundi akasema. "Mpe mwenzako nafasi."

Maswali matatu ya mama

Zoezi lilipokwisha, mama aliomba kuzungumza na fundi. Alikuwa na maswali matatu ambayo aliyapanga tangu kwenye treni.

La kwanza lilikuwa la simu. Je, anawasiliana vipi na wanafunzi? Fundi alitoa simu yake ya vitufe. "Nina namba moja tu ya hapa, ya mshauri wa wanafunzi. Nikichelewa nampigia yeye."

La pili lilikuwa la malipo. Analipwa nauli ya bodaboda na shilingi 10,000 kwa wiki, anasaini kwenye daftari la katibu. Mama alishaliona hilo daftari, kwa mwandiko wa mwanawe.

La tatu lilikuwa gumu kulitamka. "Baba, utajuaje kama mmoja wao ameanza kuweka hela huko nje?"

Fundi alivua miwani, akaifuta. "Angalia akikosa. Anayejifunza, akikosa anaangalia meza. Anayecheza hela, akikosa anaangalia watu." Akanyamaza kidogo. "Nilimwona mmoja hivyo, zamani. Kijana mwenye mkono ambao sijauona tena. Nilimfukuza pale pale, nikaona nimefanya haki. Ningemshika mkono nikampeleka kwa mama yake, pengine mambo yangekuwa mengine. Yule kijana nilimkosea."

Mama hakumwambia kwamba anamjua kijana huyo. Pengine mzee alikuwa anajua tayari.

Wazazi wenzake wa Mbagala wanapomuuliza siku hizi jinsi ya kumjua mwalimu mzuri, wa pool au wa mchezo wowote, mama huyu haongei habari za vikombe. Anasema nenda ukakae pembeni ya mazoezi saa nzima bila kusema kitu. Tazama kama mwalimu anafundisha au anajionyesha. Tazama kama anamrekebisha mtoto jambo moja kwa wakati mmoja, au anamwaga kumi kwa pamoja. Tazama kama mtoto wa kike anapewa fimbo sawa na wa kiume, muda sawa na heshima sawa. Uliza nani mwingine mzima anajua ratiba yake. Na uliza anafanya nini mtoto akifungwa, kwa sababu siku za kufungwa ndizo nyingi.

Chini ya mwembe

Alipotoka kantini, alimkuta mdogo wake ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, amekaa juu ya bodaboda yake. Alikuwa pale tangu saa tisa. Hakuvuka lango la chuo.

"Mbona hukuingia?"

"Nikiingia nitacheza."

Mama akakaa kwenye jiwe kando yake. Kutoka kantini ilisikika milio ya mipira, mmoja mmoja, kisha kimya. Mdogo mtu aliinamisha kichwa akisikiliza. "Huyo ni binti," akasema. "Anapiga kwa upole."

Walikaa hivyo hadi jua likaanza kushuka nyuma ya nyumba. Ulipofika muda wa treni alimpeleka stesheni, na dada hakupewa nafasi ya kulipa nauli. Alipokuwa akishuka, mama alishika mkoba wake na kusema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Ile cherehani, unajua, ilikuwa imeshaanza kuruka nyuzi. Mama mwenyewe alikuwa akiilalamikia."

Haikuwa kweli. Wote wawili walilijua hilo. Mdogo mtu alitazama chini, akasema, "Safiri salama, dada."

Mwezi uliofuata timu ilicheza mechi yake ya kwanza ya kirafiki, na chuo jirani. Saa moja jioni simu ikaita gengeni.

"Mama, tumefungwa saba kwa mbili."

"Pole mwanangu. Hizo mbili ni za nani?"

"Moja yangu."

"Na mwalimu amesemaje?"

"Ametuambia kila mtu aandike mpira mmoja aliokosa na kwa nini aliukosa. Amesema Jumanne tunaanza na huo."

Mama alicheka, akamwambia ale mapema, alale. Alipokata simu hakuanza na mumewe aliyekuwa njiani na lori. Alitafuta namba moja ambayo sasa ina jina, akampigia mdogo wake Kihonda kumweleza matokeo.